Kitani na Katani

Nimeona kitambaa kikizaliwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa ndani ya kompyuta ya kukunja, juu ya meza yangu ya chakula hapa Sori, kando ya ziwa, saa kumi za jioni, mimi nimesimama na kisu mkononi na samaki niliyemwondoa magamba upande mmoja tu. Mara ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, mimi niliyeishia darasa la nne na hata leo nikichoka naweka herufi kubwa katikati ya neno.

Kompyuta si yangu. Ni ya mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa mwisho, msichana wa miaka kumi na mitatu. Alizaliwa Mombasa akalelewa Mombasa, na mama yake ni mtu wa huko. Mama huyo alipojifungua mapacha chumba kikawabana, na mwanangu muda wote yuko barabarani na malori, basi wakaniletea huyu mkubwa. Alikuja na begi moja, kompyuta kuukuu ya baba yake, na Kiswahili. Kiswahili chake kilinitisha. Mtoto anaongea kama mtu wa kusoma habari redioni. Dholuo, lugha yetu, hakuwa nayo hata neno moja. Mimi Kiswahili changu nilikiokota sokoni nikiuza omena, dagaa wa ziwani, kwa Wakuria na kwa wanunuzi wa mbali, kingine nikakiokota kanisani, na bado kina mchanga wake. Kwa hiyo tulikuwa na lugha moja kati yetu, yeye ameishika kichwa, mimi nimeishika mkia.

Siku mama yake anaondoka, alimwambia mbele yangu kwamba akishindwa na maisha ya huku aseme tu, atakuja kumchukua. Sikulipenda neno lile. Ni kumwacha mtoto ndani ya nyumba yenye mlango wazi halafu unamwambia atulie. Lakini nilinyamaza, kwa sababu mtoto ni wake. Ukweli ni kwamba nilimtaka. Tangu mzee wangu azikwe nyumba ilikuwa imenyamaza mpaka nikaanza kusalimiana na kuku.

Mtoto hakuwa mvivu, hilo niliseme. Alichota maji, alifagia, aliosha vyombo bila kusukumwa. Kazi ikiisha alikaa mezani na mchezo wake. Jumamosi nilikuwa nakataza, sisi ni Wasabato na siku ya Bwana ni siku ya Bwana, lakini siku nyingine nilimwacha. Mchezo wenyewe ni huu: mwanamke mmoja ameangukia nchi ya ukungu, hana kitu, hana hata kiatu. Kuna majitu yenye pembe na mapango yanayowaka kijani. Lazima aishi. Anakata mti apate shoka, anatumia shoka apate nyumba. Mimi nilikuwa napita nyuma ya kiti na ndoo yangu nikisema huyo dada anafanya kazi kama mke wa kwanza.

Siku hiyo ya samaki nilimuuliza anafanya nini, akanijibu bila kugeuka, "Natengeneza kitani, Bibi."

"Katani?"

"Kitani."

"Ndiyo, katani. Iko tele pale mpakani mwa shamba, hata ng'ombe hawaitaki."

Hapo akageuka, na kwa adabu zake zote akacheka. Akanieleza kwamba katani ni mkonge, ule wenye miiba. Kitani ni kitu kingine kabisa. Ni mmea mwembamba kama nyasi wenye maua ya buluu, na nyuzi zake ni laini, hufumwa nguo za wakubwa. Akasema ndiyo zile nguo za makuhani wa zamani.

Nilivuta kiti nikakaa, na samaki wangu mkononi. Maisha yangu yote kanisani, mhubiri akitaja makuhani waliovaa kitani safi, mimi nilisikia katani. Nilijua moyoni kwamba wale wazee walivaa gunia. Niliwahurumia sana. Nilikuwa nawaza joto la nchi yao, na ule mkwaruzo shingoni na kwapani, na mtu asimame hivyo mbele ya Mungu bila kujikuna. Nilidhani utakatifu ndio huo. Hata nilimwambia hivyo binti yangu mkubwa siku moja alipolalamika kuhusu kola ya sare ya kwaya.

Mtoto alicheka mpaka akaweka kichwa mezani. Halafu akasema, njoo uone inavyotengenezwa.

Nikaona. Yule mwanamke alikata maua ya buluu, shamba zima, akayafunga matita. Akayatia kwenye pipa la maji. Halafu akasimama. Akasimama tu, ukungu unapita nyuma yake.

Nikauliza anangoja nini.

"Anangoja yaoze kidogo, Bibi. Ganda likilegea ndipo nyuzi hutoka."

Hapo nywele zilinisimama. Mimi nimezaliwa upande wa Rangwe, na mama yangu alikuwa msokotaji wa kamba. Kuna katani aliyoikwangua mbichi, hiyo ilikuwa ya kamba za ng'ombe. Na kuna ile aliyoitaka laini, ya mifuko ya kubebea unga. Hiyo aliilaza kwenye kidimbwi chini ya boma letu mpaka ganda lilegee. Mimi nilikuwa mtoto, nilikikimbia kidimbwi kile kwa harufu. Mama alipokufa nilijua tumemzika na ile kazi. Sijawahi kumsikia mtu mwingine akiitaja. Sasa naiona ndani ya kioo, imewekwa na watu nisiowajua, pengine wa nchi za barafu, ambao hawajui kama Rangwe iko duniani. Nani aliwaambia kwamba lazima uungoje mmea uoze?

Nilimuuliza mtoto kama harufu inatoka pia. Akasema hapana. Nikasema basi hawajui yote.

Mwanamke akatoa matita, akayapiga, nyuzi zikabaki. Akakaa kwenye gurudumu, nyuzi zikawa uzi. Akakaa kwenye fremu kubwa ya mbao, uzi ukaenda na kurudi, na kitambaa kikaanza kushuka, cheupe, kama maziwa unayamimina polepole. Nilikuja kushtuka paka yuko mlangoni na samaki wangu.

Sasa nieleze mambo ya nanga, maana bila hayo hakuna hadithi.

Muhula ulikuwa umeanza vizuri. Shuleni mtoto alikaa kimya kwa sababu wenzake wakicheza wanacheza kwa Dholuo, lakini hakulalamika. Halafu siku moja akarudi akasema mwalimu wa sanaa anataka kila mwanafunzi alete nanga ya kutengeneza kwa mikono yake, kwa vitu vya nyumbani. Nikamwambia vizuri, si kazi ngumu. Katika lugha yetu nanga ni kitambaa, ni nguo. Mwalimu ni mtu wa hapa, anachanganya maneno kama sisi sote, wala hatambui amechanganya. Nilifikiria vipande vya kitenge kwenye sanduku langu.

Kesho yake nikamkuta ziwani anachagua mawe. Akaleta moja zito, limebonyea kiuno katikati, akalizungushia waya, akafunga vijiti viwili chini kwa msalaba. Nikauliza ni nini. "Ni nanga, Bibi." Nikatazama. Nikawaza, huyu mtoto ana akili kuliko mimi, ametengeneza kitu cha kukandamizia nguo upepo wa ziwa usizibebe. Nilimsifu. Nilimtafutia na kamba ya kulifungia. Sisi wawili tulilitazama lile jiwe kwa furaha, kila mmoja na nanga yake kichwani.

Alilibeba mpaka shule kwenye gunia, mgongoni.

Wenzake walikuwa wameleta vitambaa. Leso zilizoshonwa maua, vitu vya krosheti, mabaki ya fundi yaliyounganishwa. Yeye akaweka jiwe juu ya meza na meza ikalia. Darasa lilicheka mpaka darasa la jirani likaja dirishani. Mwalimu naye alicheka, baadaye akajuta, akamwelewesha, akasema si kosa lake. Akampa nafasi mpaka siku ya maonyesho, wiki tatu mbele, alete kitambaa. Kama angekaa chini hapo, yangekwisha. Lakini ni damu yangu. Alisimama na machozi yake akaliambia darasa kwamba yeye hataleta cha kushonwa wala cha kununuliwa. Ataleta kitambaa alichokianzia kwenye jani, anajua namna, ametengeneza vingi. Mmoja akauliza wapi. Akasema, kwenye mchezo.

Unaweza kuwaza kicheko hicho. Tangu saa hiyo jina lake likawa Nanga. Nanga njoo, Nanga usizame, Nanga unashika wapi.

Alifika nyumbani akaliweka jiwe kando ya mlango, polepole, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Akasema anataka kumpigia mama yake.

Nikamwambia simu haina moto.

Simu ikalia mfukoni mwangu.

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu wa miaka kumi na mitatu. Niliiacha ilie mpaka ikanyamaza.

"Nimekudanganya," nikamwambia. "Nipe hizo wiki tatu. Kitambaa kisipotoka, mimi mwenyewe nampigia mama yako aje. Na kikitoka, simu nakupa, useme unavyotaka."

"Kitambaa cha nini, Bibi? Huku hakuna kitani."

"Katani iko."

Hakucheka, lakini alivua sare.

Aliyekuwa amepiga simu ni dada yangu mkubwa, aliyebaki Rangwe. Nilimrudia nikamweleza yote, nikamwomba anikumbushe kazi ya mama. Akaanza kunisema. Akauliza kama ni mimi yule yule niliyekuwa najificha kwenye mahindi nikiitwa kusokota. Akauliza, "Wewe uliwahi kumaliza hata kamba ya mbuzi?" Mtoto alilisikia, maana sauti ya dada yangu hutoka nje ya simu. Nikamjibu kwamba sikupiga nipimwe, nimepiga nielezwe. Basi akanieleza, na sauti yake ikabadilika akieleza, ikawa ya mama. Anza na majani ya chini, yaliyokomaa, usiguse ya kati. Yaponde kwanza kwa rungu la mti, usiyakate nyuzi. Yalaze majini siku kumi, yazame yote, linaloelea litaharibika. Usioshe kwa sabuni. Ukisokota weka majivu pajani.

Tulianza siku ile ile. Katani ina mwiba kwenye ncha kama sindano ya daktari wa ng'ombe, nikamfundisha kuukata kwanza. Utomvu wake unawasha. Jioni mikono yake ilikuwa na madoa mekundu mpaka kwenye kiwiko na mimi nilijua kesho hataamka kwa kazi hii. Aliamka. Alikuja na soksi za shule amezivaa mikononi, amezitoboa vidole.

Tulipoponda ya kutosha tukafunga matita tukashuka ziwani, pale kwenye maji ya magotini ambapo wanawake hawateki maji. Tukayalaza. Yakaelea. Tukayakandamiza kwa mawe madogo, yakageuka upande yakaelea tena, kama watoto wasiotaka kulala. Mtoto akatazama kidogo, akapanda zake nyumbani bila kuniambia neno. Nikadhani amekata tamaa. Akarudi amekumbatia lile jiwe lake la waya. Akafunga kamba kwenye matita, akaingia maji, akaliachilia. Matita yakashuka yakakaa chini kimya.

Nikamwambia nanga imeshika nanga. Alinipa mgongo, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Siku ya sita wanawake wanaofua pale jirani wakanijia. Walitaka kujua tunaozesha nini. Mmoja aliuliza kama nimeficha mzoga wa kiboko. Niliwaambia ni nguo, wakatazamana, na nina hakika walienda kusema kwamba umri umenifika kichwani. Mtoto alikuwa na saa yake ya kushuka kila akitoka shule, anakaa juu ya mwamba anaangalia maji. Nikamuuliza mbona asiende kucheza mchezo wake. Akasema kule kwenye mchezo kungoja ni dakika moja.

Siku ya nane upepo ulikuja. Si mvua, ni ule upepo wa ziwa unaosukuma magugu maji kutoka katikati na kuyatandaza ufukweni mpaka huoni maji, unaona shamba. Yalipokuja yalibeba mabeseni ya watu, yakabeba benchi la wauza samaki, hatukuliona tena. Tulishuka asubuhi. Mahali petu hapakuwepo. Kulikuwa na kijani tu, na maua ya zambarau, mazuri, ya kukutukana.

Mtoto akakaa chini mchangani na sare yake. Hakulia. Alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi mpigie."

Mimi ni mwanamke wa miaka mingi. Goti langu moja ni la kubembeleza. Lakini nilifunga leso kiunoni nikaingia katikati ya magugu yale, nikiyasukuma kwa kifua, nikitafuta kwa nyayo. Tope. Mizizi. Chupa. Yeye nyuma ananiita nitoke, kuna nyoka. Maji yakanifika kiunoni nikajua nimeenda mbali sana, nikarudi upande, na kidole changu kikubwa kikakutana na waya.

Lilikuwa pale pale alipoliweka, na matita bado yamefungwa kwake. Upepo uliobeba benchi haukuliweza jiwe la mtoto. Nilisimama katika yale majani nikamwambia, "Nyakwara, nanga yako ni ya kweli." Nyakwara ni mjukuu wangu, kwa lugha yetu. Alikuwa hajui, lakini naona alijua.

Siku ya kumi tuliyatoa. Harufu siielezi, nitakosa wasomaji. Lakini tukiyasugua kwa maji safi, ganda liliteleza lenyewe, kijani kikaondoka kama tope mguuni, na ndani kukabaki nyuzi. Ndefu, nyeupe, zinang'aa zikiwa mbichi. Mtoto alizishika juu kwa mikono miwili, maji yanamtiririka mpaka kwapani, akasema, "Bibi. Ni kama ile." Nikatazama na mimi. Ilikuwa kama ile. Hiyo katani yangu ya mpakani, niliyoifungia mbuzi, niliyoilaani ikinichoma, ilikuwa inabeba nywele hizi ndani yake siku zote na mimi napita na jembe. Tulizianika kwenye ua, na zilipokauka upepo ulizichezesha hata wapita njia wakasimama.

Kusokota ndiko kulikoniaibisha. Nilipaka majivu pajani, nikaweka nyuzi mbili, nikaviringisha kwa kiganja kama nilivyoona kwa mama. Zikafumuka. Tena. Zikafumuka. Mtoto anangoja, amekunja sketi, paja lake jembamba limepakwa majivu tayari. Nikafunga macho. Nikaacha kufikiri, nikasikiliza sauti tu, ule mkwaruzo mfupi mama alioufanya, kwenda na kuvuta, kwenda na kuvuta. Mkono ukaenda wenyewe. Nilipofungua macho kulikuwa na uzi wa urefu wa mkono, umebana, mwembamba, hauna aibu. Sikuwa nimeufanya mimi. Mwanamke aliyelala Rangwe ndiye aliyeufanya kwa mkono wangu.

Mtoto alijifunza kwa siku mbili, paja likawa jekundu, akabadilisha la pili. Nyuzi zake za kwanza zilikuwa na vifundo kama mkia wa mbwa mgonjwa. Nilimwambia hivyo. Akasema hata mchezo wake humfanya mtu aanze na uzi mbovu.

Halafu tukagonga mwamba. Kamba nilikuwa naijua. Mkeka naujua. Lakini kufuma kitambaa hasa, nyuzi za kusimama na uzi wa kulala, sikuwahi kuona mtu akifanya, hata mama mifuko yake aliisuka kwa vidole, ilimchukua mwezi. Sisi tulibakiwa na siku sita. Mtoto akasema tunahitaji kitanda. Nikamwambia kitanda kiko chumbani, ukichoka nenda ulale. Akasema kile cha mfumi kinaitwa kitanda pia. Nikasema kitanda ni kitanda, na nikaenda nyuma ya nyumba nikatoa kile kikuukuu cha mzee, kilichobaki mbao nne na miguu. Tukakisimamisha ukutani.

Akafungua kompyuta, akampeleka yule mwanamke mpaka kwenye fremu yake ya kufumia, akasimamisha kila kitu. Akasogeza picha karibu, karibu zaidi, mpaka tukaona uzi mmoja mmoja. Hapo ndipo nilipowavulia kitambaa cha kichwa watu wale. Walikuwa wamechora yote. Uzi mmoja mbele, mmoja nyuma, mmoja mbele, na fimbo katikati inayozitenganisha, na fimbo nyingine imefungiwa vitanzi vya kuvuta zile za nyuma zije mbele. Nani angekagua? Mchezo ni wa kuua majitu. Wangeweza kuchora ubao tu na watoto wasijue. Mtu fulani alikaa mahali akachora hata vitanzi, na sasa mjukuu wangu anavihesabu kwa kidole kwenye nyumba ya bati hapa Sori, na anavifunga kimoja kimoja kwenye kitanda cha marehemu.

Tulihitaji kitu cha kushindilia. Akachukua mwiko wangu wa ugali, ukaingia kati ya nyuzi kama uliumbiwa huko. Siku nne nilisonga ugali kwa kijiti cha muarobaini, na ulikuwa mchungu, na tulikula.

Alifuma akitoka shule mpaka mwanga unapoondoka. Mimi nilisokota, yeye alifuma. Hatukuongea sana. Uzi unapita, mwiko unashuka, du. Uzi unarudi, du. Siku ya nne saa kumi na moja alikata nyuzi za juu kwa kisu changu cha samaki, na kitambaa kikaanguka mapajani mwake.

Hiyo ndiyo mara ya pili.

Nisidanganye. Kilikuwa kikubwa kama sinia. Chini kipana, juu kimebana, kwa sababu alikuwa akivuta sana alipokuwa na haraka. Kilikuwa na rangi ya nywele zangu. Nilikiinua dirishani na jua likapita kwenye matundu elfu, yote yamekaa kwenye mistari. Nikakiweka shavuni. Kilikwaruza. Makuhani wangekikataa. Lakini kulikuwa na jani, na sasa kulikuwa na kitambaa, na katikati hapakuwa na mtu mwingine yeyote, hakuna duka, hakuna mashine, ila mimi na mtoto na mama yangu na wale wachoraji wasiojulikana. Nilitaka kusema neno kubwa. Nilichosema ni kwamba upande mmoja umepinda.

Akasema anaujua.

Siku ya maonyesho nilivaa nguo ya kanisani. Mwalimu alikichukua kitambaa akakigeuza, akakinusa, kilikuwa bado na ziwa kidogo ndani yake. Akauliza kimechukua siku ngapi. Mtoto akamtajia kila siku na kazi yake, kuanzia mwiba wa kwanza. Mwalimu akakipitisha mkono kwa mkono darasani, na nikaona vidole vikikivuta, vikijaribu kukipasua kwa siri. Hakikupasuka. Msichana mmoja mrefu, yule aliyeuliza wapi, alikuja na akasema, "Nanga, nionyeshe hapa uliingizaje." Jina halikuwa limeondoka. Sijui kama litaondoka. Ila alilisema kama mtu anayekuita kwa sababu anakuhitaji.

Jumapili niliijaza simu moto mpaka mwisho, nikamwekea mezani. Nikamwambia ahadi ni ahadi. Nikatoka nje kwenda kuangalia kuku, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Dirisha langu halifungi vizuri. Nilimsikia akisalimia, akiuliza habari za mapacha. Halafu ikawa zamu ya mama yake kuongea. Nilimwaga mahindi yote mahali pamoja, kuku wakapigana.

"La, Mama, usije," akasema. "Dana hajamaliza kunifunza. Bado kamba ya mbuzi."

Dana ni bibi, kwa lugha yetu. Sikuwa nimemfundisha. Alilitamka vibaya kidogo, mwisho wake ulikuwa wa Mombasa.

Kamba ya mbuzi sijawahi kuimaliza mimi, na dada yangu alisema kweli. Nilichukua panga nyuma ya mlango, nikaenda mpakani kabla mtoto hajatoka nje kuniona uso, nikaanza na majani ya chini.